Kambi Saio, Sparta na posho ya askari

Kambi Saio ya Bukavu ilipewa jina la ushindi wa mbali. Tarehe 3 Julai 1941, huko Saio, Ethiopia, Waitalia walisalimu amri mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Askari wale walitengenezwaje? Tukiwaweka kando ya Wasparta wa Ugiriki ya kale, mbinu inaonekana vizuri zaidi.

Kwanza, ulezi. Sparta ilimtoa mvulana kwa wazazi akiwa na miaka 7. Nchini Kongo, amri ya Leopold II ya mwaka 1890 iliwaweka chini ya ulezi wa dola watoto waliokombolewa utumwani. Huko Boma na Nouvelle-Anvers walifunzwa dini na kwata pamoja. Hata hivyo askari wengi waliandikishwa wakiwa watu wazima, kwa miaka 7.

Pili, kabila. Baada ya maasi ya askari wa Luluabourg mwaka 1895, makabila yalichanganywa ndani ya kikosi kimoja, na Lingala ikawa lugha ya kambi. Hadi mwanzoni mwa 2025 mtu wa Bukavu aliposemeshwa Lingala kwenye kizuizi cha barabarani, alitambua ni askari hata kabla hajatazama magwanda.

Tatu, mke, na hapa ndipo njia zilipoachana. Msparta alilala kambini hadi miaka 30, akimwendea mkewe usiku kwa kujificha. Chakula alikula mezani na wenzake, kila mmoja akileta fungu lake la mwezi: shayiri, divai, jibini na tini. Force Publique ilifanya kinyume: mke na watoto waliingia kambini, wakaishi kwa posho ya jeshi. Hesabu ilikuwa wazi. Mwenye familia ndani ya kambi hatoroki ovyo, na anayewalisha wanawe ndiye anayemwamuru.

Baada ya uhuru, Rais Mobutu alirithi kambi na familia zake, lakini mishahara ikaja kuwa ya kubahatisha. Septemba 1991 askari wenye madai ya mishahara walipora Kinshasa. Sparta ilimvua uraia kamili aliyeshindwa kuleta fungu lake mezani. Huku aliyeshindwa ni dola, na deni likaangukia maduka na nyumba za raia. Anayetaka kurekebisha jeshi la aina hii aanze na posho ya kambini, ndipo afike kwenye kwata.