‘Mara kwa mara’ si sawa na ‘kila mara’

VIELEZI vya idadi hueleza tendo hufanyika mara ngapi. Hata hivyo, katika taarifa za habari na matangazo ya afya, vielezi hivi huchanganywa kana kwamba vina uzito mmoja. Makala haya yanapinga mazoea hayo.

Tutazame sentensi hizi:

(a) Mgonjwa huyu husahau dawa kila mara.

(b) Mgonjwa huyu husahau dawa mara kwa mara.

(c) Mgonjwa huyu husahau dawa mara mojamoja.

Katika (a), hakuna siku anayokumbuka. Katika (b), anasahau, anakumbuka, kisha anasahau tena. Katika (c), kusahau kwake ni nadra. Daktari akiambiwa (a) ilhali ukweli ni (c), huenda akabadilisha dawa isiyo na kasoro yoyote.

Chanzo kimoja cha mkanganyo huu ni tafsiri. Neno la Kiingereza ‘regularly’ hubeba dhana mbili: kurudiarudia na kufuata ratiba. ‘Mara kwa mara’ hubeba ile ya kwanza pekee. Mwaka 2020 tulipohimizwa kunawa mikono mara kwa mara ili kuzuia korona, kielezi hicho kilifaa kwa kuwa kilichotakiwa ni kurudia. Lakini anayeambiwa akapimwe shinikizo la damu ‘mara kwa mara’ hajui arudi lini. Aambiwe ‘kila mwezi’ au ‘kila baada ya miezi 3’.

‘Mara moja’ nayo ina maana mbili: idadi na upesi. ‘Meza tembe hii mara moja’ ni sasa hivi, ama ni moja basi? ‘Mara moja kwa siku’ au ‘papo hapo’ huondoa utata.

Wapo watakaouliza, “Si tunaelewana tu?” Kweli, mtu akilalamika kwamba unampigia simu ‘kila saa’, hakuna anayehesabu saa. Hiyo ni chuku ya mazungumzo, na ina mahali pake. Mahakamani mambo ni tofauti. Shahidi aliyepigwa mara kwa mara akisema alipigwa ‘kila siku’, wakili wa mshtakiwa atatafuta siku moja tu ambayo hakuguswa, na ushahidi wote utatiliwa shaka. Mkalimani anayepuuza tofauti hii anaweza kumkosesha mtu haki yake.