Joto la Riwaya ya Makimbilio

Riwaya ya majira ya baridi, yenye wahusika wasio na makao na mwisho wa kuliwaza, hudhaniwa kazi nyepesi: theluji, mtoto, mlango unaofunguliwa. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi ngumu za usanii, na Ntimaru, katika eneo la Wakuria nchini Kenya, kusiko na theluji, inaonyesha ugumu ulipo. Huku kwa Abairege, ukoo mmoja wa Wakuria, msimu unaomtoa mtoto nyumbani ni Desemba. Shule hufungwa kwa likizo ndefu, na miaka ya tohara ikifika, wasichana hutoroka kisu wakalala makanisani, shuleni au katika vituo vya uokoaji mpaka msimu upite. Sheria ya mwaka 2011 imeharamisha ukeketaji, lakini haimtandikii mtu kitanda.

Joto la riwaya kama hiyo hutoka katika kugawana kidogo kilichopo, wala si katika wema wa mwokoaji. Charles Dickens, katika A Christmas Carol ya Desemba 1843, aliipa familia ya Cratchit bata bukini mdogo aliyehitaji kuongezewa viazi ndipo awatoshe wote. Umaskini ukapimwa mezani, mbele ya macho yetu. Assumpta Matei, katika Chozi la Heri, anawafikisha waliofurushwa kwao kambini Msitu wa Mamba, na aliyekuwa na mali jana anapanga foleni ya chakula pamoja na asiyekuwa nayo. Fundi wa riwaya ya Ntimaru angeanzia hapo: msichana anayemsuka mwenzake, anayemwachia mdogo upande wa ukutani wa godoro. Mtu mwenye cha kutoa haombi huruma ya msomaji.

Watakaopinga watasema faraja hulainisha uhalifu. Hofu yao ni ya haki, maana hadithi ikikomea kwenye uji wa moto imemdanganya msomaji. Kuna Januari. Kuna baba aliyekwisha kupigia hesabu ng'ombe wa mahari, na rika litakalomkejeli aliyekimbia. Kuna pia nyanya anayeamini kwa dhati kwamba kisu humnunulia mjukuu heshima, na hapo ndipo waandishi wengi huteleza: humgeuza zimwi, nalo zimwi ni rahisi kulikimbia. Apewe hoja zake zote, na upendo wake wote. Msichana anayempenda nyanya huyo na bado akamkatalia ndiye anayestahili riwaya nzima.