Kilalo kimekatika: habari ya kijiji inavyofundisha kusoma Lubutu

Juma la shule ya msingi huko Lubutu, kama kwingine Kongo, linaanzia uwanjani, mbele ya bendera. Wimbo wa taifa ukiisha, mkurugenzi wa shule anatoa matangazo: timu ya chanjo itapita lini, wazazi waitwe kikao cha komite siku gani, njia ipi haipitiki tangu mvua ya juzi. Watoto wanasikiliza, wananong'onezana, halafu wanaingia kalasi. Mara nyingi matangazo yale yanabakia nje. Ubaoni linaandikwa somo lisilohusiana nayo kabisa, na nusu saa nzima mtoto wa miaka 6 anaimba silabi za neno ambalo halimhusu.

Naamini matangazo hayo ndiyo kitabu bora cha kusomea ambacho mwalimu wa mwaka wa kwanza anacho, na kwamba zana za kuyaingiza kalasi ziko mezani pake tayari.

Tuanze na fishi. Mwalimu wa Kongo hafundishi bila fishi ya matayarisho, na mwinspekta akifika ndiyo anayoidai kwanza. Fishi hiyo ina hatua zinazojulikana: ukumbusho wa somo lililopita, motivasyo ya kuamsha hamu, kutangaza somo, kisha uchambuzi, muhtasari na zoezi. Hatua ya motivasyo ndiyo inayodharauliwa zaidi. Wengi wanaandika pale "wimbo" au "maswali" na kupita haraka. Lakini ndipo mlango ulipo. Mwalimu akiuliza, "Nani amesikia habari ya barabara?", mikono arobaini inainuka kabla hajamaliza swali.

Na Lubutu habari ya barabara haikosekani. Mji huu ni makao ya teritware ya kaskazini kabisa ya Maniema, kwenye njia ya Kisangani kwenda Bukavu kupitia Walikale. Kindu, makao makuu ya jimbo, iko mbali kusini. Chumvi, sabuni, daftari, dawa, hata habari zenyewe, zinafika kwa barabara hiyo, kwa pikipiki na malori. Mtoto anajua kwamba kilalo kikikatika bei inapanda sokoni, kwa sababu amemsikia mama yake akilalamika. Ana maarifa kamili juu ya jambo hilo. Kinachokosekana ni maandishi tu.

Sasa tuiangalie sentensi yenyewe: Kilalo kimekatika. Watu wa pwani wangesema daraja, lakini huku watu wanasema kilalo, na kwa bahati njema neno hilo ni zuri mno kwa kuanzia kusoma. Ipasue sentensi: ki-la-lo, ki-me-ka-ti-ka. Kila silabi ina herufi mbili, konsonanti na vokali, bila fundo lolote. Silabi ki inajirudia mwanzoni mwa maneno yote mawili, ka inajirudia mwishoni, hivyo jicho la mtoto linazikuta tena na tena bila mwalimu kumlazimisha. Zinabaki silabi sita tofauti: ki, la, lo, me, ka, ti. Mwalimu akiziandika kwenye vipande vya katoni na kuwapa watoto wazipange upya, yatatoka kiti, kila, kilo, laki, lala, kati, kaka. Siku inayofuata wataweza kusoma sentensi ambayo hawajawahi kuiona: Kila kiti kimekatika. Hakuna silabi mpya hata moja ndani yake. Mtoto anayeisoma peke yake, kisha akatazama madawati ya kalasi yake, amevuka kizingiti kikubwa: amesoma kitu ambacho hakukikariri.

Linganisha na tangazo jingine la juma lile lile: Chanjo itaanza Jumatano. Habari ni muhimu kuliko ya kilalo, lakini kwa mwaka wa kwanza ni mtego. Cha, njo, nza: herufi mbili zinagombania sauti moja mwanzoni mwa silabi. Hiyo ni sentensi ya mwaka wa pili. Ufundi wa mwalimu uko hapo, katika kuchagua. Habari zote za uwanjani zinaweza kuzungumzwa, lakini inayopanda ubaoni ni ile ambayo silabi zake zinalingana na hatua ya watoto. Njia ya kuanza na sentensi, ukashuka hadi silabi na kupanda tena, walimu wetu wanafundishwa tangu chuoni. Wanachokosa ni ruhusa ya kuchagua sentensi wenyewe.

Sheria haiwazuii. Sheria-mama ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kama lugha za kufundishia na kama somo, na programu inaweka lugha ya taifa katika miaka miwili ya kwanza. Kwa Maniema lugha hiyo ni Kiswahili. Shida iko penye Kiswahili kipi. Mtoto wa Lubutu, ambaye pengine nyumbani anazungumza Kikomo na bibi yake, atasema "kilalo imekatika". Kitabu kinataka kimekatika, na walimu wanakiita hicho Kiswahili bora. Nimesikia hoja za pande zote mbili, na msimamo wangu ni huu: mtoto aachwe aseme alivyozoea, mwalimu aandike kwa sanifu, asome kwa sauti, aendelee. Asimkatize. Mtoto akikatizwa mara mbili kwa sababu ya kiambishi, mara ya tatu hatainua mkono, na habari yake itapotea pamoja na kusoma kwake.

Wazo hili la kusomea habari za kijiji halikuzaliwa kwetu. Katika miaka ya 1920, kijijini Bar-sur-Loup kusini mwa Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet, ambaye vita vya 1914–1918 vilimwachia mapafu mabovu na pumzi fupi, aliwatoa wanafunzi nje waone kijiji, wakarudi kuandika walichoona, na mwaka 1924 akanunua mashine ndogo ya kuchapa. Maandishi yao yakawa gazeti la shule, na shule zikaanza kubadilishana barua. Lubutu haihitaji mashine. Inahitaji kaye, yaani daftari, moja kwa kila kalasi, ambamo sentensi ya juma inanakiliwa Jumamosi kwa mwandiko mkubwa, na tarehe.

Watoto wa mwaka wa tano na wa sita wana kazi nyingine ndani ya mpango huu, na nadhani ndiyo yenye faida ya haraka zaidi. Tangazo la chanjo lifanywe imla. Mwalimu anasoma, wanaandika, wanasahihishana, kila mmoja anapeleka nakala nyumbani na kuisoma kwa sauti. Maniema inajua uzito wa hilo: mwaka 2017 polio ilizuka jimboni, ile inayotokana na virusi vya chanjo vilivyobadilika mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Siku, mahali na umri wa watoto vikiandikwa wazi kwa Kiswahili, mama hahitaji kutegemea kumbukumbu ya mtoto aliyecheza njia nzima.

Hapo linatokea pengo ambalo programu yenyewe imelichimba. Kuanzia mwaka wa tatu Kifaransa kinachukua nafasi, na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi unafanywa kwa Kifaransa. Mwalimu anayefikiria mtihani huo anaona imla ya Kiswahili ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume. Mtoto anayeandika tangazo kamili kwa lugha anayoielewa amejifunza kupanga habari: nani, nini, lini, wapi. Hayo atayahamishia kwenye Kifaransa. Asiyeyajua kwa Kiswahili atanakili Kifaransa ubaoni miaka minne bila kukielewa.

Si kila habari iingie. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki moja walipiga kambi Tingi-Tingi, karibu kabisa na mji, na miezi michache baadaye wakatawanywa kwa vita. Familia nyingi bado zina maneno ya wakati ule. Habari za mauaji, za wizi unaotajwa jina la mtu, za ugomvi wa mashamba, zisipande ubaoni hata silabi zake zikiwa rahisi. Mwalimu azisikilize mtoto akizileta, amtulize, achague nyingine.

Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bure, Septemba 2019, kalasi zimefurika na vitabu havitoshi. Kaye ya sentensi za juma, ikitunzwa ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, mbali na mchwa, mwisho wa mwaka inakuwa na kurasa thelathini na kitu za kusoma, ambazo mwaka wa kwanza wanaofuata watazikuta. Mwinspekta akipita, pamoja na fishi, aiombe na kaye hiyo, amwite mtoto mmoja wa nyuma, amfungulie ukurasa wa juma lililopita na kumwambia asome.