Sifa ya Saa, Lalamiko la Injini

Tangazo la biashara nalo ni andiko, na linastahili kusomwa kama tusomavyo hadithi: limesema nini, na limenyamazia nini. Nachagua moja lililosifika sana. Mwaka 1958 David Ogilvy, mwandishi wa matangazo mjini New York, aliwaeleza Wamarekani kwamba Rolls-Royce mpya ikienda mwendo wa maili 60, yaani karibu kilomita 97 kwa saa, kinachosikika zaidi ndani yake ni saa ya umeme ya kuonyesha wakati.

Ufundi wake ni mzuri. Hakusema gari ni tulivu mno, kwani "mno" haina ushahidi. Alitaja mwendo, akataja saa, msomaji akasikia mwenyewe. Chini yake akaorodhesha mambo ya hakika: sailensa tatu, na wahandisi wanaosikiliza mlio wa ekseli kwa chombo kile ambacho daktari humwekea mgonjwa kifuani.

Hata hivyo, hiyo ni sifa ya gari jipya. Miaka hupita, mipira inayoshika injini hukauka, eksozi hutoboka, cheni hulegea. Mwenye gari bado ana ahadi ile masikioni, naye huenda gereji kulalamika.

Hapa Qurus hatuna Rolls-Royce. Atakaye kuiona aende Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kulikohifadhiwa ile iliyotumiwa na magavana wa Kiingereza na baadaye Mwalimu Nyerere. Fahari yetu ni Mercedes-Benz kuukuu za dizeli. Lakini lalamiko ni lile lile, na jibu nililowahi kupewa na fundi mmoja ni hili: "Mwalimu, gari la zamani hili, lazima lipige kelele."

Jibu hilo ni andiko baya kuliko tangazo, maana lina "lazima" isiyo na ushahidi. Ni kweli, injini ya dizeli ya zamani hugonga tangu kiwandani, hasa asubuhi za baridi kama zetu. Lakini beringi ikigonga huo ni ugonjwa, na eksozi iliyotoboka yaweza kuingiza ndani ya gari hewa ya sumu isiyo na harufu, ikawaua waliomo. Mteja ana haki ya kuambiwa ipi ni sauti ya kuzaliwa na ipi ni ya maradhi. Fundi akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na sikio kwenye mpini, atajua mgongo unatoka wapi, na mteja naye aweza kusikilizishwa.

Chuoni tuliwafunza walimu watarajiwa kwamba mtoto akisema haelewi, usimjibu kuwa hesabu ni ngumu. Tafuta alipokwama.

Ogilvy mwenyewe alisimulia kwamba mhandisi mkuu wa Rolls-Royce aliposoma tangazo lile alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema wakati umefika wa kuishughulikia saa hiyo. Kwangu mimi, neno hilo linalipita tangazo zima. Wengine walisoma sifa. Yeye alisikia lalamiko ambalo mteja alikuwa hajalitoa.