Afrihili na Ngeli Zilizoachwa

Mwaka 1970 Mghana K. A. Kumi Attobrah, mzaliwa wa Akrokerri, alitoa sarufi ya lugha aliyoiunda mwenyewe na kuiita Afrihili, jina lililopatikana kwa kuunganisha Afrika na Kiswahili. Wazo lilimjia mwaka 1967 akiwa safarini baharini baina ya Dover na Calais. Nia yake ilikuwa kuwaunganisha Waafrika, kukuza biashara na kupunguza gharama za kuchapisha tafsiri. Nia hiyo haina wa kuipinga. Jambo linalostahili kupimwa ni sarufi yenyewe, na kipimo kinachofaa si lugha nyingine iliyoundwa mezani, bali mahali ambapo watu wa lugha mbalimbali wamelazimika kuelewana bila kungoja mtaalamu. Mahali pamoja pa namna hiyo ni Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio karibu na ziwa, wanakopanga wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua: Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na wengineo.

Kwa upande wa sauti, Afrihili ina irabu saba: tano za Kiswahili, pamoja na ɛ na ɔ zilizo za kawaida katika Kiakan. Hapana shaka kwamba lugha nyingi za Afrika zina irabu zaidi ya tano. Kikuyu kina saba, na Kijaluo kina nyingi zaidi. Hata hivyo wasemaji wake wakutanapo, irabu za ziada huachwa nyumbani. Jina la mtaa ni ushahidi. Neno la Kikuyu kĩhooto, lenye maana ya haki au hoja ya kushawishi, lina ĩ isiyokuwamo katika Kiswahili, na o ndefu. Katika matumizi ya wote limekuwa Kihoto tu. Attobrah amejumlisha pale ambapo wasemaji hutoa. Kosa hili, lakini, ni dogo. Irabu mbili hazijaua lugha yoyote.

Kosa kubwa limo katika nomino. Nomino ya Afrihili huanza na kuishia kwa irabu, nazo hutofautiana. Wingi hupatikana kwa kuondoa irabu ya mwanzo na kuweka mahali pake ile ya mwisho: omukama, 'mfalme', huwa amukama. Kanuni ni fupi, na mwanafunzi aweza kuishika kwa dakika tano. Lakini neno hilo ni la magharibi mwa Uganda, na huko wingi wake ni abakama. Huko -mu- na -ba- ndizo zinazoonyesha kwamba anayetajwa ni mtu, mmoja au wengi, na ndizo zinazotawala upatanisho wa kivumishi na kitenzi. Katika Afrihili -mu- imebaki kama jiwe ndani ya neno: imo, ila haifanyi kazi. Kiswahili kimetiwa katika jina la lugha, na uti wake wa mgongo umeachwa nje.

Mtetezi wa Afrihili atajibu kwamba ngeli ni ngumu, na kwamba hata wasemaji wa bara la Kenya huzivunja. Ni kweli huzivunja. Asemaye "vitu zangu zimepotea" au "kitabu yangu" ameziingiza ngeli kadhaa katika i- na zi-, naye mwalimu humsahihisha kwa wino mwekundu. Lakini yafaa kuangalia kilichohifadhiwa. Zangu na zimepotea zingali zinapatana; upatanisho umepungua, haukufa. Zaidi ya hayo, msemaji huyo huyo huongeza ngeli: katoto na tutoto, kagari na tugari. Hii ni ka-/tu- kama ile ya Kikuyu, na huweza kusikika hata kwa Mjaluo, ambaye lugha yake ya kwanza haina ngeli za namna hii. Katika kitenzi vilevile husikika anakujanga, kwa maana ya 'huja kwa kawaida'. Kiambishi hu- cha Kiswahili Sanifu hakimwonyeshi mtendaji. -Anga huongeza mazoea mwishoni na kuiacha a- mahali pake. Waonekanao kuwa wavunjaji wa upatanisho wameurudisha mahali ambapo Kiswahili Sanifu chenyewe hakiuweki.

Tena kuna suala la maana. Katika Afrihili ya 1970, mu ('katika') na to ('kwa', yaani kuelekea) zinaungana kuwa muto. Kupitia na paasa ('nje') zinakuwa kupitia-paasa, 'kote'. Huo ni muundo wa Kiingereza uliovishwa kanzu. Katika "aliingia nyumbani" mwelekeo umebebwa na kitenzi, na mahali pamebebwa na -ni. Mkazi wa Kihoto atasema "aliingia kwa nyumba". Ameipoteza -ni, lakini kitenzi bado kinabeba mwelekeo.

Mjadala huu haukupitwa na wakati. Mwezi Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi, na watungao vitabu kwa wanafunzi wa Afrika Magharibi na Kusini watashawishika kukirahisisha. Wakifuata njia ya Attobrah, watazitupa ngeli zote kwa sababu ni nyingi. Wakiwasikiliza wapangaji wa Kihoto, wataanza na a-/wa- kwa watu na i-/zi- kwa vitu, upatanisho ukidumishwa kutoka kivumishi hadi kitenzi tangu somo la kwanza, kisha ki-/vi- na nyinginezo zifuate mwanafunzi anapokuwa tayari anazungumza.