Tabia na kasoro za viwanja vya Nyanda za Juu Kusini

Barabara kuu ya TANZAM ikishateremka kutoka Makambako na kuvuka Mto Mbarali pale Igawa, timu inayotoka Dar es Salaam bado ina zaidi ya kilomita 100 kufika Mbeya, lakini maelezo ya matokeo mara nyingi yameshaandaliwa. Ikifungwa, uwanja ni mbovu. Ikitoka sare, uwanja umeinyima pointi mbili. Ikishinda, imeshinda katika mazingira magumu. Wenyeji nao hujibu kwa kejeli kwamba asiyejua mpira husingizia nyasi. Pande zote mbili zinakosea, kwa sababu zinaweka katika kapu moja mambo yasiyofanana.

Sokoine wa Mbeya, Samora wa Iringa na viwanja vidogo vya wilayani vina tabia, na vina kasoro. Tabia hutokana na mahali na vipimo: mwinuko, upepo, jua, upana. Kasoro hutokana na mikono ya watu: maji yasiyo na pa kwenda, udongo ulioshindiliwa, nyasi zisizopumzishwa. Kocha ana kazi ya kusoma tabia. Mmiliki ana kazi ya kuondoa kasoro. Tukishindwa kuzitenganisha, kila mmoja anapata pa kujificha.

Mfano ulio jirani na Igawa ni Ubaruku. Novemba 29, 2022, kwenye Uwanja wa Highland Estates unaobeba jina la shamba kubwa la mpunga, Ihefu, timu mwenyeji, iliifunga Yanga 2-1 na kukata mbio zake za mechi 49 za ligi bila kupoteza. Oktoba 4, 2023 matokeo yakawa yale yale, uwanjani hapo hapo. Ukisema uwanja ndio uliofunga, unaidhulumu Ihefu. Ukisema uwanja haukuhusika kabisa, hujawahi kuiangalia timu ya pasi fupi ikijaribu kucheza haraka juu ya ardhi isiyotabirika.

Hewa, jua na upepo

Tuanze na mwinuko. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Watu huzungumzia mapafu tu, na kweli mgeni huanza kuhema mapema, lakini mpira nao hubadilika. Hewa nyepesi haiuzuii sana, kwa hiyo pasi ndefu huenda mbali kuliko mpigaji alivyokusudia na kipa hufikiwa mapema na shuti la mbali. Wakati huohuo, mpira uliopigwa kwa kuzungushwa haupindi sana, kwa sababu hewa ndiyo inayoupinda. Mpiga faulo aliyezoea kuuzungusha juu ya ukuta kule pwani atauona ukipita pembeni ya mwamba, kisha atalaumu nyasi ambazo hazikuhusika.

Jua nalo lina hesabu yake. Mbeya iko magharibi ya Dar es Salaam kwa takriban nyuzi 6 za longitudo, na saa ya ukutani ni moja. Jua la Mbeya kwa hiyo huchelewa kwa dakika 23 hivi. Mechi iliyoanza saa 10 jioni huisha karibu na saa 11:50, na kwa Mbeya jua linakuwa bado kwenye nyuzi 10 hadi 20 juu ya upeo wa macho, yaani kwenye njia ileile ambayo kipa huifuata anapoitazama krosi ya juu. Ndiyo maana wajenzi hushauriwa kuelekeza magoli kaskazini na kusini. Penye magoli yanayotazamana na machweo, nahodha anayeshinda kura ya sarafu asichague upande kwa mazoea.

Iringa ina upepo. Kati ya Juni na Oktoba upepo mkavu huvuma juu ya miinuko ile, na timu inayocheza dhidi yake ikitaka kupiga goli kiki ndefu itarudishiwa mpira. Hapo ni kucheza chini, kutumia pembe, na kuhesabu kwamba kipindi kimoja ni cha kuvumilia na kingine ni cha kushambulia.

Upana

Sheria za soka zinaruhusu uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Kipimo kinachopendekezwa siku hizi ni 105 kwa 68, sawa na mita za mraba 7,140. Uwanja wa 100 kwa 64 ni halali pia, ila una mita za mraba 6,400, pungufu kwa asilimia 10. Kwa mabeki wanne, upana huo unapunguza eneo la kila mmoja kutoka mita 17 hadi 16. Ni upungufu mdogo, lakini winga anayetaka kumzunguka beki anauhisi kila anapogusa mpira, na timu yenye mrushaji hodari inageuza kila mpira wa kurusha kuwa kona.

Hili si la soka peke yake. Katika hoki ya barafu, ukumbi wa Boston Garden uliotumika tangu 1928 hadi 1995 ulikuwa na barafu ya futi 191 kwa 83, wakati kipimo cha ligi ni futi 200 kwa 85. Boston Bruins walijenga vikosi kwa kuufuata uwanja wao: watu wa miraba minne wanaobana pembeni, huku wageni wenye kasi wakikosa pa kukimbilia. Hiyo ilikuwa tabia. Lakini Mei 24, 1988, fainali dhidi ya Edmonton Oilers ikiwa 3-3, umeme wa ukumbi ulikatika na mechi ikavunjwa. Hiyo ilikuwa kasoro, na wala haikumsaidia mwenyeji.

Chini ya nyasi

Sasa tuje kwenye kasoro, na tuanze na maji. Mvua ya milimita 20, ambayo si ya ajabu Mbeya kati ya Novemba na Aprili, inamwaga juu ya uwanja wa kawaida lita 142,800, karibu maboza 14 ya lita 10,000. Maji hayo yana njia mbili tu: kupenya chini au kutiririka pembeni. Ili yatiririke, katikati ya uwanja panapaswa kuwa juu kuliko mstari wa pembeni. Mteremko wa asilimia 1 kwenye nusu ya upana wa mita 34 ni sentimita 34, ambazo mtazamaji wa jukwaani hazioni. Uwanja wa zamani hupoteza mwinuko huo taratibu. Udongo hutitia, viraka hujazwa kwa macho, na mbele ya magoli, ambapo makipa na washambuliaji huchimba kila wiki, panakuwa pa chini kuliko kote. Mvua ikinyesha, dimbwi la kwanza linakaa ndani ya boksi la yadi sita.

Kupenya nako kuna vikwazo. Sehemu kubwa ya bonde la Usangu, iliko Ubaruku, ina udongo mzito wa mfinyanzi. Mpunga unaupenda kwa sababu unashika maji, na uwanja unauchukia kwa sababu hiyohiyo. Kiangazi hupasuka, masika hugeuka tope. Bila tabaka la mchanga chini na mabomba yenye matundu ya kutolea maji, kupanda nyasi mpya juu yake ni kupaka rangi.

Kisha kuna kushindiliwa. Viwanja vikubwa vya mikoa vilijengwa enzi za chama kimoja viwe vya kila jambo: mpira, mikutano, gwaride, matamasha. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, Sokoine na Samora vilibaki mikononi mwa CCM, na matumizi yakaendelea. Mei Mosi ya kitaifa ya 2019 ilifanyika Sokoine. Msimu wa 2022/23 Tanzania Prisons na Mbeya City zote ziliutumia katika Ligi Kuu, mechi 15 za nyumbani kwa kila moja, yaani 30 kabla hujahesabu mazoezi na sherehe. Malori ya jukwaa na maelfu ya miguu hubana udongo mpaka hewa inaisha ndani yake, na mizizi ya ukoka hubaki juu juu.

Kujua hali hiyo hakuhitaji maabara. Chukua nondo nyembamba, isukume ardhini kwa mkono. Ikigoma baada ya vidole vitatu, mizizi nayo imegomea hapo. Kisha dondosha mpira kutoka mita 2. Kipimo cha juu cha FIFA kwa nyasi bandia kinataka udunde kati ya sentimita 60 na 85. Ukidunda zaidi ya mita moja, hapo hakuna kiungo atakayetuliza pasi kwa mguso mmoja. Ukidunda usawa wa goti katikati ya uwanja, halafu ukafia mbele ya goli, una viwanja viwili ndani ya kimoja.

Kianze kipi

Suluhisho linalotajwa haraka ni nyasi bandia, kama zilivyowekwa kwenye viwanja vya Kaitaba na Nyamagana. Zinastahimili mechi nyingi na zinaondoa tope, ila zulia huchakaa baada ya miaka 8 hadi 10, na fedha za kulibadilisha lazima zitengwe tangu siku ya kwanza. Kwa uwanja unaotegemea viingilio vya mechi mbili tatu kubwa kwa msimu, hapo ndipo penye mtego.

Kazi ya bei nafuu iko wazi. Mfereji wa kuzunguka uwanja ufukuliwe kabla ya Novemba. Ardhi itobolewe na ijazwe mchanga: tabaka la milimita 5 kwa uwanja mzima ni mita za ujazo 36 hivi, kama tripu tano za lori la mita za ujazo 7. Mbele ya magoli paondolewe udongo, pasawazishwe na papandwe upya kila msimu ukiisha. Mazoezi ya kipa yahamishiwe goli la kubeba, nje ya lile la mechi. Kila shughuli isiyo ya mpira ilipe fedha ya kukarabati ilichoharibu. Hakuna hata moja kati ya hizi inayopunguza mwinuko wa Mbeya au upepo wa Iringa, na hakuna anayepaswa kutaka hivyo, maana mgeni kujifunza ugenini ni sehemu ya ligi.

Bodi ya Ligi imekuwa ikifungia viwanja visivyokidhi masharti, na ni haki yake. Tatizo ni kalenda. Ligi huanza Agosti au Septemba, kwa hiyo ukaguzi wa kabla ya msimu huangukia kiangazi, wakati kila uwanja wa nyanda hizi ni mkavu na rangi ya mistari inang'aa. Uongezwe ukaguzi wa Januari, saa moja baada ya mvua, mkaguzi akiwa na nondo na mpira mkononi.