Nafasi Iliyoachwa Baada ya Swali

Kuna sentensi ambayo nimekutana nayo kwenye moduli nyingi za mtandaoni hata nikaacha kuiona: "Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi ataweza kueleza dhana ya fasihi simulizi." Juzi niliirudia polepole, kama ninavyousoma ubeti na wanafunzi wangu, nikasimamishwa na kiambishi kimoja. Ataweza. Yeye nani? Mwanafunzi ndiye aliyeshika simu, yuko peke yake chumbani Tandika au Sumbawanga, na maandishi yaliyo mbele yake yanamsimulia kwa mtu mwingine. Ni kama kuingia ofisini ukamkuta mwalimu wako anaongea na mkuu wa idara habari zako, wala hageuki kukutazama.

Sentensi hiyo ina asili yake ya haki. Orodha ya vitenzi inayoizaa (kueleza, kuchambua, kutathmini) inatokana na kazi ya Benjamin Bloom na wenzake huko Marekani, iliyochapishwa mwaka 1956, na kamati iliyoifanya ilikuwa ya watahini wa vyuo. Waliandikiana wao kwa wao, wapate kukubaliana wanapima nini. Kwenye mtaala unaopelekwa mbele ya seneti ya chuo, nafsi ya tatu imekaa mahali pake. Sisi tumeinakili kama ilivyo, tukaitoa kwenye meza ya watahini tukaipeleka kwenye kioo cha simu, na huko ndiyo sauti ya kwanza mwanafunzi anayoisikia.

Badili a- iwe u-. "Utaweza kueleza." Kazi ya sekunde moja. Sasa jaribu kuendelea na aya inayofuata, ile inayoanza na "Fasihi simulizi ni sanaa inayotumia lugha ya mdomo." Haikai. Uliyemwita "wewe" amegeuza uso, anasubiri umuulize jambo, nawe unamsomea fasili. Nafsi ya pili ina deni: ukishaitumia, kila sentensi ijayo inatakiwa ijue kwamba upande wa pili kuna mtu, amechoka, bando lake linaisha, na ana jambo analolijua tayari. Mhadhiri akigundua deni hilo, ameanza kujifunza kufundisha mtandaoni, hata kama bado hajui kupandisha faili.

Kozi ya mtandaoni ni utanzu wa maandishi. Ina muundo wake, ina mtindo wake, ina mahali pa kusema na mahali pa kunyamaza. Kumwandaa mhadhiri kuitunga ni kumfundisha fani hiyo. Semina nilizowahi kuhudhuria zilifundisha vitufe. Siku mbili, projekta ukutani, "bofya hapa, sasa pandisha PDF yako, sasa weka tarehe ya mwisho." Jioni ya siku ya pili kila mmoja alikuwa na kozi kwenye mfumo na cheti mkononi. Hakuna aliyesoma kozi ya mwenzake. Hakuna aliyeulizwa kwa nini swali lake la kwanza limeulizwa vile.

Vitufe vyenyewe vina fani, na hilo nalo halikusemwa. Chukua Moodle, mfumo ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutoka rasmi mwaka 2002, ambao vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinautumia. Dougiamas ameeleza wazi kuwa aliujenga juu ya imani kwamba watu hujenga maarifa kwa kushirikiana. Lakini fungua kozi mpya uangalie ukurasa unaokupa. Juu kabisa kuna jukwaa la matangazo, na kwa kawaida ya mfumo anayeweza kuandika humo ni mwalimu tu. Chini yake mada ya kwanza, ya pili, ya tatu, masanduku matupu yaliyopangwa mstari kama kabati la mafaili. Ukurasa huo unamnong'oneza mhadhiri: wewe tangaza, halafu jaza. Asiyefundishwa kusoma umbo la ukurasa atalitii bila kujua. Mimi nilitii. Kozi yangu ya kwanza ilikuwa kabati zuri sana, lenye faili katika kila droo, na mazungumzo yote ya kweli yalihamia kwenye kundi la WhatsApp la kiongozi wa darasa (CR). Huko wanafunzi waliulizana usiku kucha, kwa ujumbe mfupi mfupi wenye jina la anayeulizwa na jambo moja linaloulizwa.

Fani ninayoizungumzia imeshafanyiwa kazi kwa muda mrefu kuliko intaneti. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipata hati yake mwaka 1969, kikapokea wanafunzi wa kwanza Januari 1971, na walimu wake walilazimika kuwaandikia maelfu ya watu ambao wasingewaona darasani. Derek Rowntree, aliyekuwa mmoja wao, alipenda kuuita ukurasa mzuri wa kozi mafunzo ya ana kwa ana yaliyochapwa. Utazame ukurasa wa namna hiyo. Aya mbili au tatu, kisha maelezo yanakatika. Panakuja swali linalohusu ulichosoma dakika hiyo hiyo, na chini yake nafasi, pengine mistari michache ya kuandikia. Jibu limewekwa mbali, mwishoni mwa kitabu, ili jicho lisiliibe. Na jibu lenyewe, likiwa limeandikwa vizuri, haliishii kwenye "sahihi ni B". Linaeleza mtu aliyechagua A huenda alifikiri nini.

Ukurasa mzima unaelemea ile nafasi. Wino wote uko pale kuitengeneza. Ukiifuta na kuunganisha aya, maudhui yanabaki yale yale bila kupungua hata neno, lakini kilichobaki ni kitabu cha kiada. Ndiyo maana nashikilia kwamba hili ni suala la fani.

Wala sisi si wageni wa ukimya wa namna hii. "Kitendawili!" Mtegaji ananyamaza. Hawezi kuendelea, hata kama kitendawili chake ni kitamu kiasi gani, mpaka hadhira iseme "Tega!" Ruhusa ya kufundisha inatoka kwa anayefundishwa. Kisha anatega, ananyamaza tena, wanajaribu, wanakosea, wanacheka, wanajaribu. Wakishindwa, anasema "Nipeni mji," nao wanampa, Dar, Mombasa, Zanzibar, na mtegaji anaukubali au anaukataa kabla ya kufichua jibu. Hapo ndipo fani hii inaponivutia kuliko karatasi ya Rowntree. Kushindwa kumepewa kauli yake, na kauli hiyo haina aibu: unatoa mji, unaupata ukweli. Katika mifumo yetu ya mtandaoni aliyeshindwa hukuta alama nyekundu na sifuri, au hukaa kimya asionekane kabisa. Mhadhiri anayetunga zoezi angejiuliza: mwanafunzi wangu akishindwa, nimempa mji gani wa kutoa?

Sasa weka kando yake agizo ambalo limeenea kwenye majukwaa ya kozi duniani kote: andika maoni yako, kisha jibu michango ya wenzako wawili. Linahesabu. Linataka vipande vitatu vya maandishi, na linavipata: "Nakubaliana na wewe kwa asilimia mia," "Hoja nzuri sana ndugu." Hakuna anayemhitaji mwenzake, kwa sababu swali halikumpa yeyote kitu ambacho mwingine hana. Kwenye kitendawili mmoja ameshika jibu na wote wanalitaka. Mvutano upo ndani ya umbo lenyewe. Agizo la wenzako wawili limechukua umbo la mazungumzo likaacha sababu ya kuzungumza.

Gilly Salmon, aliyefanya kazi katika chuo hicho hicho cha Uingereza, alilielewa hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 2002 alieleza zoezi fupi la mtandaoni linaloanza na cheche: picha, kauli, tatizo dogo, kitu kimoja cha kuwashia mjadala. Ngazi zake tano za kumpandisha mwanafunzi, kutoka kuingia kwenye mfumo hadi kujitegemea, naziona zimenyooka mno. Watu hupanda na kushuka. Lakini uamuzi wake mmoja kuhusu maandalizi ya walimu nauheshimu sana. Aliwaandaa mtandaoni, wakiwa wanafunzi. Mwalimu alisubiri jibu lisilokuja, alipotea njia kwenye mfumo, aliandika jambo kwa moyo akaona limepita bila mtu kuligusa. Baada ya siku chache za namna hiyo huhitaji kuambiwa kwa nini mwanafunzi aitwe kwa jina.

Kwa upande mwingine iko njia ya orodha za ubora. Quality Matters, iliyoanzia Maryland nchini Marekani mwaka 2003, katika toleo lake la 2018 ilikuwa na vipengele 42 chini ya viwango 8. Kipengele cha kwanza kabisa kinataka mwanafunzi aelezwe waziwazi aanzie wapi, na kwa kipengele hicho pekee ningewashukuru. Tena wenyewe wanasema hupima usanifu wa kozi, hawapimi ufundishaji wake. Kosa hutokea pale chuo kinapoichukua orodha hiyo kuwa mafunzo yote. Kozi inaweza kutimiza kila kipengele huku mwalimu wake hajajibu mtu tangu wiki ya pili.

Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, Charles Hodges na wenzake waliandika kwamba kilichokuwa kikifanyika ni ufundishaji wa dharura, na kwamba kozi kamili ya mtandaoni kwa kawaida huandaliwa kwa miezi 6 hadi 9. Wengi waliowasoma waliihesabu miezi hiyo kama muda wa kurekodi video. Naamini sehemu kubwa yake ni ya kusomewa na kuandika upya. Kile chuo cha Uingereza kilitunga kozi zake kwa timu: mwanataaluma aliandika rasimu, wenzake wakaisoma na kuikosoa, mhariri na mtaalamu wa elimu wakiwa mezani, kisha akarudi kuandika. Mhadhiri wetu hutunga peke yake usiku, na msomaji wake wa kwanza ni mwanafunzi anayelipa ada. Semina moja ambayo ningeipigania ni hii: wahadhiri sita, kila mmoja na ukurasa wake wa kwanza uliochapwa kwenye karatasi, bila kompyuta, asubuhi nzima tukisomeana kwa sauti.

Ukurasa wangu niliuandika upya mara nne. Fasili ya fasihi simulizi niliishusha hadi chini kabisa. Juu niliandika: "Kabla hujasoma fasili yoyote, mkumbuke mtu mmoja aliyewahi kukusimulia hadithi. Alianzaje? Andika maneno yake kama unavyoyakumbuka, na useme ilikuwa wapi." Kisha nikaacha nafasi, nikakaa kimya siku tatu. Yalikuja majibu kutoka karibu kila kona. Wengine walisema "Paukwa, pakawa." Wengine walisema "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," wakaanza kubishana na wa kwanza ni ipi ya kale. Mmoja aliandika kwamba bibi yake hakusema lolote, alipuliza koroboi ikazima, na watoto wote wakajua hadithi imeanza. Akauliza kama giza linaweza kuitwa mwanzo wa ngano.

Wiki ya pili niliyokuwa nimeiandaa ilianza na orodha ya mianzo ya ngano, yote ya maneno. Niliifuta usiku huo, nikaanza na koroboi.